Kanda za Kisarawe Hazina Majina

Mtani wangu Shomari,

Watu wengi hukosea hapa: hudhani kanda ndiyo inayotunza wimbo. Kanda hutunza sauti tu. Wimbo ni sauti pamoja na mtu anayeweza kusema, "Huyo anayeimba ni fulani, alikuwa akikaa pale, na siku ile mvua ilinyesha mpaka ukumbi ukavuja." Akiondoka mtu huyo, kinachobaki ni kelele nzuri ya watu wasiojulikana. Miaka yote niliyofundisha historia niliwaambia wanafunzi kwamba kigae kilichookotwa bila kujulikana kimetoka wapi ni kigae bubu. Kumbe nilikuwa nikieleza habari za kanda za chumba chako cha nyuma pale kituoni.

Najua ungesema nini. "Mwalimu, wimbo umekwisha, wewe bado uko kwenye utangulizi." Nitajitahidi kufupisha. Siahidi.

Redio yetu imezimwa. Mnara wa Maneromango ulitangulia, wiki ile ile tuliyokuzika. Ulinyamaza wenyewe, na hakuna aliyejua kuuamsha. Kibaha ikafuata. Kisarawe ilibaki ikipiga muziki yenyewe kwa kompyuta, bila mtu, bila hata habari za asubuhi, kama nyumba ambayo taa inawaka na wenyewe wamehama. Mwishowe wanao wakakubali kuwaachia vijana fulani wa mjini masafa na jengo. Siwalaumu. Mnara unataka mtu wa kuupanda, na mtu huyo alikuwa wewe. Binti yako Zuhura alilia alipokuja kuniambia. Alikaa barazani kwangu Mbwawa, bado amevaa sare za kazini, akasema, "Baba mdogo, tusamehe." Nimsamehe nini mtoto yule? Anaamka alfajiri kwenda kazini Dar na kurudi kuna giza. Apande mnara saa ngapi?

Na vijana wenyewe ni waungwana. Walinipa shikamoo, wakanivutia kiti. Chumba cha kanda wanataka kukifanya studio yao. Walisema, "Babu, kanda zote chukua, ila tunaomba chumba kiwe kitupu wiki moja baada ya arobaini." Kwangu paa linavuja na mchwa wamekula hata kabati la vitabu, nizipeleke wapi? Nikaenda mjini kwenye maktaba moja inayohifadhi sauti za zamani. Mama aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho, na wewe unajua mwisho wangu uko mbali. Kisha akaniambia taratibu: wanapokea kanda yenye jina la anayeimba na mahali iliporekodiwa. Isiyo na maelezo hawaipokei, kwa sababu hata wao chumba kimejaa. Nikamshukuru. Ningekuwa mimi nimekaa upande ule wa meza, ningesema hivyo hivyo.

Nikarudi Kisarawe nikafungua mlango wako.

Shomari. Rafu kutoka sakafuni hadi darini, na hakuna jina hata moja.

Nilijua hakuna. Nilikuwemo siku zote. Lakini kujua nikiwa na wewe pembeni, unavuta kanda yoyote, unasikia milio miwili mitatu ya gitaa na kusema, "Aa, huyu ni yule fundi baiskeli wa Mlandizi, sikia anavyokimbia, anaogopa mvua," ni jambo moja. Kusimama peke yangu mbele ya rafu zile ni jambo jingine. Nilijiona kama mtu aliyeingia makaburini akakuta majina ya kwenye misalaba na mawe ya makaburi yote yamefutika.

Niwaeleze kidogo na wajukuu wako, maana barua hii Zuhura ataisoma mbele yao, na wao waliikuta redio tayari iko hewani.

Babu yenu alikuwa fundi wa redio sokoni Kisarawe. Watu walimletea redio mbovu za mbao na za plastiki, akazitengeneza, na jioni akaweka spika moja nje ya kibanda. Jumapili alifunga kibanda akabeba mashine yake ya kanda, akaenda kwenye kumbi za dansi: hapo Kisarawe, Kibaha, wakati mwingine mpaka vijijini. Alirekodi bendi ambazo hazikuwahi kuitwa kwenye studio za mjini. Bendi za wafanyakazi wa viwanda, walimu waliopiga tarumbeta baada ya kusahihisha madaftari, vikundi vya taarabu vya harusi, kwaya za kina mama. Hakuna mwingine aliyewarekodi. Nasisitiza hilo: hakuna mwingine. Wimbo wa bendi kubwa ukipotea Kisarawe utaupata Mwanza, utaupata hata ughaibuni. Wa hawa ukipotea kwenye chumba kile, umepotea duniani.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kuwa na redio, tulikuwa wastaafu wachache tuliotaka kusikia ujana wetu. Tukaanza na Kisarawe kwa sababu ni mlimani. Mawimbi ya redio zetu hizi husafiri kama jicho linavyoona: kinachokaa nyuma ya kilima hakipati kitu. Ndiyo maana ikabidi kuweka mnara wa pili Kibaha, ili Mbwawa na Magindu wasikie, na ule mdogo wa Maneromango kwa ajili ya watu wa bondeni. Vituo vitatu, sauti moja. Sisi tuliuita mtandao. Watu waliuita redio ya wazee.

Na kipindi kilichotufanya tupendwe ni hicho hicho kinachotumaliza sasa. Tulikiita "Nani Huyo?" Mtangazaji anapiga wimbo, hasemi jina. Wenyewe ndio waseme. Zamani, kabla ya simu za mkononi, walikuja kwa miguu mpaka kituoni, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kutoa posa. Wengine walituma jibu kwa makondakta wa mabasi ya Maneromango. Kondakta anasimama mlangoni anapiga kelele: "Bi mkubwa wa kule msikitini anasema huyo ni mumewe, na mwambieni arudi nyumbani!" Kituo kizima kilisikia, tarafa nzima ilisikia.

Wewe ndiye uliyekataza kuandika majina kwenye makasha. Nilikuuliza mara nyingi. Ulinijibu, "Ukimwandikia mtangazaji, atasoma. Usipomwandikia, atasikiliza." Na watu wakikosea jina, wengine waliwasahihisha hewani, wakatukanana kidogo, wakacheka, na jina likazidi kukaa. Ilikuwa hekima, mtani. Bado naiona ni hekima. Jina lilikaa kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa wengi. Hatukupiga hesabu ya nini kitatokea wenyewe wakianza kwenda, mmoja mmoja, kila msimu, mpaka wewe uliyekuwa ukijua yote ukawafuata.

Sasa nitakueleza nilivyohangaika.

Nilihamishia vipande vya kanda zile kwenye kaseti, nikanunua betri, nikachukua redio kaseti yangu ya zamani, nikaanza na nyumbani Mbwawa. Unajua Mbwawa ilivyo sasa, nyumba mpya kila kona, watu wametoka mikoa yote, asubuhi wote wako Dar. Kijana wa jirani akanisikiliza kwa heshima. "Mzee, mbona rahisi, tupia kwenye simu, itautafuta." Akaiweka simu karibu na spika. Ikazunguka, ikazunguka. Ikajibu haikupata kitu. Akaitikisa, akajaribu tena. "Mzee, huu wimbo haupo." Niliweka redio mapajani, wimbo bado unaendelea. Upo. Si unausikia? Lakini alisema kweli kwa namna yake.

Nikaenda Magindu kwa Mzee Kulwa, yule mfugaji aliyekuwa akipiga simu kila Jumamosi. Nikamkuta na jirani yake Mzee Omari. Nikafurahi, nikasema leo nimepata mashahidi wawili. Nikabonyeza. Kulwa akasema papo hapo, "Athumani!"

"Athumani gani?" Omari akamrukia. "Athumani pumzi ya kuzima kibatari hana, ataimba hivyo?"

"Wewe ulikuwa unakuja dansini au unakuja kula mihogo mlangoni?"

"Nilikula na nikasikia! Masikio hayatafuni!"

Nilicheka mpaka machozi, mtani, nikatamani tuwe hewani. Ningekuwa hewani ningewaacha waendelee mpaka taarifa ya habari. Lakini nilihitaji jina moja. Nikawaomba. Mmoja anasema Athumani, mwingine anasema Ramadhani, na hakuna aliyekubali kulegea. Nikamwacha kila mmoja ameketi anatazama ng'ombe upande wake. Zamani wangesahihishwa na mtu wa tatu. Nimemtafuta mtu wa tatu. Watu wa Magindu walinionyesha kaburi lake.

Ndivyo ilivyo kila ninapokwenda. Nafika naambiwa, "Ungekuja mwaka jana." Nafika nakuta turubai la msiba. Mahali pamoja nilifika nikamkuta mzee mwenyewe, mpiga tarumbeta, yu hai, ameketi juani, na mwanawe akaniandikia kwa kidole mchangani: hasikii.

Mwisho nikaenda Maneromango, kwa Bi Tabu.

Nilimwacha makusudi awe wa mwisho, kwa sababu nilikuwa na hakika naye, na mtu huweka akiba jambo la hakika. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema Bi Tabu ameimba na bendi zote za wilaya hii, na zile asizoimba nazo alizikataa. Nilikwenda kwa bodaboda, redio nimeifunga kanga kifuani kama mtoto, barabara unaijua. Binti yake Asha alinipokea. Akanivuta pembeni kwanza. "Mwalimu, mama anasahau. Siku nyingine hata mimi ananiita dada."

Bi Tabu alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Akanitazama akasema, "Huyu Mnyamwezi, bado hajarudi kwao?" Nikasema, amenikumbuka, maana mimi ni Mnyamwezi kweli! Asha akatikisa kichwa. Kumbe kila mgeni anamwita Mnyamwezi.

Nikabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka, ile kanda uliyopenda kuipiga mvua ikianza. Bi Tabu akaacha mchele. Akaanza kuimba. Maneno yote, Shomari, hakuacha hata moja, kichwa kimeinama, mkono unapiga goti. Nikamuuliza, "Bi Tabu, nani huyo anaimba?"

"Simjui," akasema. "Lakini anaimba vizuri. Ana maringo."

Asha akamwambia, "Mama, si ni wewe?"

"Mimi? Mimi siwezi kuimba hivyo. Nyie mnataka kunicheka."

Asha hakuwa na uhakika. Alizaliwa baadaye, hakuwahi kumsikia mama yake ukumbini. Basi nikarudisha kanda nyuma, nikamwacha aimbe tena, na safari hii nikamtazama badala ya kusikiliza. Na nikaona. Kabla ya kiitikio, mwanamke wa kwenye kanda anavuta pumzi mahali pasipotegemewa, katikati ya neno. Bi Tabu alivuta pumzi ile kabla yake. Hakufuata, alitangulia. Mtu anayeimba wimbo wa mwingine hupumua anaposikia. Huyu alipumua kwa sababu ndipo alipokuwa akipumua siku zote.

Nikaandika: Tabu, Maneromango.

Nikamuuliza na gitaa. Akacheka, akafunika mdomo kwa upande wa kanga kama msichana. "Huyo? Huyo ana wivu. Sikia anavyonikatisha. Alikuja kwetu na posa, baba akamrudisha."

"Anaitwa nani, Bi Tabu?"

Akafikiri. Nikaona jina linakuja, mtani, nililiona likija usoni pake kama mtu anayekuja njiani kwa mbali. Kisha njia ikawa tupu. Akaniangalia kwa hofu, akasema kwa Asha, "Dada, huyu mgeni amekula?"

Nilikula. Wali na samaki mkavu. Sikumbuki ladha yake.

Nilirudi nimekata tamaa, nakuambia wazi kwa sababu kwako sijawahi kujifanya. Mimi ni mtu wa subira. Nimefundisha madarasa yaliyolala. Lakini subira ni ya mtu mwenye muda. Mpiga gitaa yule alipenda, akakataliwa, akaweka wivu wake wote kwenye nyuzi, na ukisikiliza unausikia, upo, haujapoa. Na wiki ijayo ataingia jalalani kwa sababu mwanamke aliyemkataa amesahau jina lake na wewe umekufa. Nimekasirika, Shomari. Nimekukasirikia. Ungekufa kidogo kidogo kama watu wengine, ukaugua, nikaja kukaa kitandani na kanda moja kila siku. Wewe ulitengeneza antena asubuhi, ukanywa chai, ukajilaza.

Siku ya maziko nilijaribu kufanya kazi yangu. Vijana wa siku hizi hawajui utani, kwa hiyo nieleze: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani msibani kazi yake ni kuvuruga huzuni. Anamtukana marehemu, anazuia jeneza, anadai vitu, mpaka wafiwa wacheke wapate nguvu ya kuzika. Basi nikasimama mbele ya jeneza nikapaza sauti: "Tazameni Mzaramo! Wenzake wanalima, yeye amelala mchana kweupe na bado anataka abebwe!" Kijana mmoja akanishika mkono: "Mzee, heshimu msiba." Dada yako Bi Mwanaidi akamkemea, "Mwachie! Huyo ndiye mwenye ruhusa!" Kijana akaniachia. Na mimi, mwenye ruhusa, sauti ikakatika. Mtani halii, lakini nililia, na Bi Mwanaidi ndiye aliyemalizia utani kwa niaba yangu, akanitukana mimi na kabila langu la wabeba mizigo mpaka watu wakacheka.

Nimekaa nikiwaza ni nani amebaki. Nikagundua kwamba nimekuwa nikihangaika kuwafuata wazee mmoja mmoja, Magindu siku moja, Maneromango siku nyingine, na kila mmoja anashika kipande, lakini hakuna wa kumsahihisha. Hilo ndilo kosa. Majina haya hayajawahi kukaa kwa mtu mmoja, isipokuwa wewe. Yalikaa kwenye mabishano. Kulwa peke yake hajui. Kulwa na Omari na mtu wa tatu na wa nne, na mwanamke mmoja wa pembeni anayesema, "Nyote waongo, huyo alikuwa shemeji yangu," hao ndio wanaojua.

Na kuna siku moja tu ambapo watakuwa pamoja. Leo, arobaini yako. Wamekuja, mtani. Zuhura aliniambia wa Maneromango wamekodi gari, na Asha anamleta mama yake. Kulwa na Omari wamekuja kwa gari moja bila kusemeshana. Sidhani kama watakuja kukusanyika tena hivi. Kwa umri wetu, mkusanyiko unaofuata mmoja wetu ndiye atakayekuwa sababu.

Sijui tutaokoa ngapi. Huenda kidogo sana. Sitaki kukudanganya ukiwa huko ambako nasikia hawadanganyiki. Zilizo nyingi nadhani zitatupotea, na mwenye gitaa huenda akawa mmojawapo, na nitaishi na hilo kwa siku zangu zilizobaki. Lakini nakuahidi: kila jina litakalosemwa leo nitaliandika kwa mkono wangu juu ya kasha lake, kwa wino usiofutika, hata kama ulinikataza. Palipo na majina mawili nitaandika yote mawili pamoja na ugomvi wake. Nami nitazipeleka mjini mwenyewe, na sitaondoka mlangoni kwa yule mama mpaka zimepata rafu.

Kwaheri, Shomari bin Mzaramo, fundi wa masikio yetu. Mungu akulaze pema. Ulinipa kijiji mimi niliyekuja na sanduku moja.

Zuhura, mwanangu, hapa ndipo pa kunisikiliza wewe. Ukimaliza kusoma, dua ikishasomwa na watu wakishakula, usimruhusu mzee hata mmoja apande gari. Chukua ufunguo, wavushe barabara wote mpaka kituoni, waketishe kwenye chumba kile kile, na uwashe mashine ya kanda.